Kigari cha Kunolea

Mkono wa Magige ulianza kumuumbua kwenye jiwe. Kwenye randa haukusema kitu, maana randa ina uzito wake, na ukishaiegemea inakutuliza yenyewe. Nyundo nayo haijali mkono unaotikisika kidogo. Lakini jiwe la kunolea halina huruma. Unalaza juu yake ulimi wa randa, unauinua nyuma kiasi, na kiasi hicho hicho unakishikilia kwenda na kurudi, mara hamsini, mara mia, bila kupanda wala kushuka. Anayepanda na kushuka hanoi. Anaviringisha chuma tu, na makali yanatoka na mgongo kama wa kijiko.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Bashir, mjini Migori, na jiwe lilikaa juu ya gogo mlangoni, pale pale ambapo kila mpita njia huona. Desturi ya mafundi wake saba ilikuwa moja. Jumatatu asubuhi, kabla kazi haijaanza, kila mtu hunoa vyombo vyake mbele ya wenzake, na hakuna anayemnolea mwingine. Ukimaliza unajaribu makali kwa kunyoa malaika, vile vinyweleo vya mkono wa kushoto. Mkono usio na malaika ndio cheti, na unaaminiwa kuliko karatasi ya serikali. Wa Magige ulikuwa laini kama wa mtoto kwa miaka ishirini na sita.

Jumatatu moja ya Machi, mwaka wa tisini na sita, alinoa kwa nusu saa nzima na ulimi wa randa haukunyoa hata unywele mmoja. Akarudia. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka waziwazi, kidole gumba kikigonga chuma bila kutumwa, na mafundi wawili wakaacha kunoa wakamtazama. Kuna kutazamwa kunakomvua mtu nguo. Magige akajifanya anatafuta mafuta ya taa ya kulowesha jiwe, na kopo lilikuwa mbele ya magoti yake.

Japheth, fundi mkuu, alimvuta kando hadi kwenye rundo la mbao. Japheth alikuwa pia mzee wa kanisa lile lile alilosali Magige, kanisa la Jumamosi, lisilotaka pombe wala tumbaku. Alikuwa mtu mwema kweli, na wema wake ulichosha.

"Omera, hii mkono yako mimi najua," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeiona kwa ndugu yangu mwenyewe, kabla chupa haijamaliza yeye. Niambie tu. Mimi si mtu wa kuhukumu."

Magige hakuwa amewahi kuonja hata busaa ya harusi. Alifungua mdomo akane, kisha akamkumbuka Gisiri. Gisiri alikuwa fundi kuwashinda wote pale, na mwaka uliopita macho yake yaliingia ukungu, msumeno ukaanza kuuacha mstari wa penseli. Wiki ya tatu aliambiwa akapumzike, akapewa sanduku lake la vyombo. Hakuna aliyemfokea, hakuna aliyemtukana, na hakurudi. Wakati huo huo palikuwa na mafundi wawili ambao kila mwisho wa mwezi walipotea siku mbili, wakarudi na macho yaliyovimba, wakakaripiwa, wakashika misumeno yao. Hayo Magige aliyaona yote kwa mara moja, na yalimwonyesha njia.

"Nitajaribu, ndugu," akasema. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Japheth alimshika bega, akashusha pumzi, na habari ikaanza safari yake.

Jumatano wazee watatu walifika nyumbani, kwenye vyumba viwili alivyopanga Magige upande wa Oruba. Bhoke, mke wake, alikuwa ametoka sokoni anakouza omena za kutoka Sori, na harufu ya samaki ilikuwa bado kwenye leso yake. Hakuwa ameambiwa kitu. Aliwakaribisha, akapika chai, akafurahi hata, kwa kuwa wazee huenda kwa wagonjwa na yeye alijua nani mgonjwa.

Waliimba wimbo mmoja. Wakasoma. Kisha Japheth akaanza kuzunguka kwa maneno, akasema kuna mitego, kuna rafiki wabaya, kuna vitu ambavyo mtu huanza kama mchezo. Bhoke alimtazama mumewe, akangoja acheke. Magige alikuwa akitazama sakafu. Mzee mmoja, mnene, mwenye koti la kijivu, alikinyanyua kikombe cha Magige kana kwamba anataka kukisogeza, akakipitisha chini ya pua yake, akakirudisha mezani. Alifanya hivyo kwa adabu sana, na Bhoke alimwona.

Walipoondoka aliviosha vikombe mara mbili. Yeye na mumewe walizungumza Kikuria ndani ya nyumba, na katika Kikuria Bhoke hakuwa na subira ya kuzunguka.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ni ugonjwa. Mganga wa hospitali alisema ni mishipa. Alisema mbele yangu."

"Na akasema dawa yake haiko hapa, akanipa vidonge vya vitamini." Magige aliuweka mkono wa kulia chini ya paja lake, akaukalia, kama alivyozoea sasa. "Mlevi husubiriwa, Bhoke. Mlevi wana matumaini naye. Leo amelewa, kesho ataacha. Mtu ambaye mkono wake umekufa wanamsubiria nini? Japheth akijua ukweli, Bashir amejua. Bashir akijua, mimi ni Gisiri."

Bhoke alitaka kusema kwamba kuna jina la mtu, na kwamba jina likichafuka halifuliwi kwa sabuni. Lakini alijua pia ni nani mwingine angemwajiri fundi wa miaka hamsini na mitatu aliyeshindwa kunoa patasi. Aliinua sufuria, akaenda kumwaga maji nje.

Mwanzoni mwa Aprili dada mdogo wa Bhoke, Roseline, aliyeolewa Rangwe, alimtumia salamu kwamba anaumwa mgongo na hana wa kumsaidia kazi. Roseline alikuwa mpishi katika chuo kidogo cha ufundi cha vijana, huko huko Rangwe. Bhoke akaenda, akasonga ugali wa wanafunzi sitini, na dirisha la jiko lile lilitazama karakana ya useremala.

Ndipo alipowaona. Wavulana na wasichana wasiojua hata kushika nyundo walikuwa wamepanga foleni mbele ya jiwe, na kila mmoja alikuwa na kitu kidogo cha chuma kilichobana patasi kama mkia. Kitu chenyewe kilikuwa na gurudumu moja chini. Waliisukuma patasi mbele na nyuma, gurudumu likibingirika juu ya jiwe, huku wakicheka na kutazama pembeni na kusukumana. Kisha msichana mmoja akaichukua patasi yake akanyoa malaika ya mkono. Bhoke aliuacha mwiko ndani ya ugali, akatoka nje na unga mikononi.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke, Phelesia, mwenye ovaroli ya buluu na penseli sikioni. Hakushangaa kuulizwa na msaidizi wa jiko. Alieleza kama anavyowaeleza wanafunzi, kwa upole na kwa kurudia. Kigari, ndivyo walivyokiita pale, kinashika pembe badala ya mkono. Mkono kazi yake ni kusukuma tu. Ukikitolea chuma kirefu mbele, pembe inalala. Ukikitolea kifupi, pembe inasimama. Kwa hiyo hakuna kukisia. Alimwonyesha ubao wenye vigingi viwili, kigingi cha karibu cha kupimia patasi, cha mbali cha ulimi wa randa, unagotesha ncha kwenye kigingi kisha unakaza skrubu.

Bhoke aliuliza swali moja tu, kama mtu mwenye mkono unaotetemeka anaweza. Phelesia alikiinua kigari, akakigeuza kiganjani.

"Mama, kigari hakijui mkono ni wa nani," alisema.

Kilikuwepo kimoja kikuukuu kwenye kasha la takataka, gurudumu limekwama kwa tope la jiwe. Phelesia alimpa hicho, na kipande cha ubao akakipigia vigingi papo hapo. Alimwonya akiloweshe kwenye mafuta ya taa, akitie oili, na asikubali gurudumu liburute, kwa kuwa likiburuta linaliwa upande mmoja na kigari kinaanza kuchechemea. Tena alisema wasisukume mahali pamoja tu, watalichimba jiwe handaki. Bhoke aliyashika yote, akayarudia njiani hadi Migori.

Magige alikitazama kigari bila kukigusa. Alisema anavijua hivyo, ni vya watoto wa chuo, na kwamba Bashir aliwahi kuuza viwili kwa mwalimu fulani na mafundi wakacheka siku nzima, wakaviita baiskeli ya mgonjwa. Kisha akakiweka juu ya kabati. Kilikaa huko siku mbili, na Bhoke hakusema neno. Katika ndoa yao, Bhoke alipokuwa hasemi neno, ilikuwa afadhali aseme.

Siku ya tatu, Magige akiwa ameenda kuchota maji, Bhoke alitoa ulimi wa randa kwenye sanduku, akaugotesha kwenye kigingi cha mbali, akakaza, akakaa nyuma ya nyumba na jiwe la nyumbani la mumewe. Alisukuma hadi mabega yakamuuma. Magige aliporudi alimkuta ameketi mezani. Bhoke aliulaza mkono wake wa kushoto mbele yake, kiganja chini. Kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko ulikuwa laini, haukuwa na hata unywele.

Magige aliutazama mkono ule. Mkewe hakuwa amewahi kunoa hata kisu cha jikoni. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu walipooana. Alitamani kukasirika na hakupata pa kuanzia. Mwishowe aliupitisha mkono wake mbaya juu ya ule wa mkewe, polepole, unatetemeka juu ya ngozi iliyonyolewa, na machozi yakamtoka. Kesho yake alfajiri alikuwa nyuma ya nyumba, na Bhoke akimshikia taa ya chemni.

Kigari kilimtii. Mkono ulitetemeka, ndiyo, lakini mtetemeko uliishia kwenye chuma na haukufika kwenye makali. Alijifunza kukandamiza kwa vidole vya mkono wa kushoto na kuuacha ule wa kulia ufuate tu, kama mzee anayeshikwa mkono kwenye harusi. Baada ya wiki moja patasi zake zote zilikuwa zinanyoa.

Ikabaki Jumatatu na ile desturi yao. Hapo Magige alifanya jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakulipenda. Alifika karakanani vyombo vyake vikiwa vimenolewa tayari, na mafundi walipomwuliza mbona hakai kwenye jiwe, akasema, "Jumatatu hii mikono yangu haifai, si mnajua wenyewe. Nilinoa jana kabla kichwa haijaharibika." Wakacheka. Mmoja akasema huyu mlevi ana akili kuliko wazima. Akanyoa malaika mbele yao, wakatikisa kichwa kwa heshima, na uongo ukawa paa juu ya kichwa chake.

Mwezi wa Mei ikaja kazi ya Homa Bay. Hamud, shemeji yake Bashir, alikuwa akifungua nyumba ya wageni huko na alitaka kaunta ya mapokezi ya mvule, futi kumi na mbili, isiyo na kiungo kinachoonekana. Mvule wenye nyuzi zilizopinda hausamehe ulimi butu, unang'oka vipande. Japheth alisita, kisha akampa Magige, labda kwa kumwonea huruma, labda kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza. Magige aliifanya kwa siku kumi na tisa. Kila alfajiri alikaa na kigari, kila jioni maranda yalimfika kwenye vifundo, membamba kama ngozi ya kitunguu. Bashir alikuja akaupitisha mkono juu ya ule ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema bila kumwelekea mtu kwamba hapa msasa hauna kazi. Siku hiyo Magige alinunua nyama nusu kilo, na nyumbani walikula kwa furaha.

Lakini kanisa lina kalenda yake. Wazee walikuwa wamekwisha fika nyumbani mara tatu, na utaratibu ulisema baada ya mara tatu jina linasomwa mbele ya washiriki. Anayekiri anawekwa chini ya malezi miezi mitatu, kisha anasamehewa. Anayekana anaulizwa, na akishindwa kueleza, jina lake linafutwa. Ijumaa jioni Magige na Bhoke walilipitia jambo hilo kama watu wanaohesabu mbegu. Akikana, ataulizwa mkono unatetemeka kwa nini. Akijibu, Japheth yuko pale, na Jumapili Bashir atajua.

"Miezi mitatu nitakaa benchi la nyuma," alisema Magige. "Nikitoka hapo, nina kazi. Kigari hiki kitanipa miaka mitano. Labda kumi."

"Na mimi?"

"Wewe ukae tu. Hawatakuuliza."

Bhoke alikunja na kukunjua pindo la leso yake. Sokoni alikuwa mtu wa ajabu kidogo kwa jambo hili moja, kwamba wachuuzi wenzake walimtumia kuamua ugomvi. Gorogoro ya omena ambayo Bhoke amesema imejaa haikupimwa tena. Hakupenda kusifiwa kwa hilo, aliona ni kawaida tu. Alimwambia mumewe sawa, atakaa.

Jumamosi kanisa lilijaa kwa kuwa mchungaji mwenyewe alikuwa amekuja kutoka Homa Bay. Baada ya mahubiri jina likasomwa. Magige alisimama, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa suruali, akasema maneno aliyoyapanga: kwamba amekuwa akinywa kwa siri, kwamba anatubu, kwamba anaomba wamwombee. Sauti yake ilikuwa ya chini na iliyochoka, na watu walilia, kwa kuwa hakuna toba iliyowahi kusikika ya kweli kuliko ile.

Kisha mchungaji akaugeukia upande wa akina mama. Alisema toba ya mume hushuhudiwa kwanza na nyumba yake.

"Mama Mirumbe," alimwambia Bhoke, "wewe ndiye unakaa na yeye. Haya amesema ni kweli?"

Bhoke alisimama. Watu mia mbili walimngoja. Alimtazama mumewe na akaona kitambaa cha ule mfuko kikichezacheza peke yake, na Japheth ameketi hatua tatu kutoka hapo, amekunja mikono, anaomba kwa macho yaliyofumbwa. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, na alikuwa nayo mdomoni tangu Machi.

"Ni kweli," akasema.

Mikono ikainuliwa ya kukubali malezi, na wa Bhoke nao ukapanda, malaika yakiwa yameanza kuota upya. Baadaye nje wanawake walimkumbatia mmoja mmoja. Walimwambia pole, amevumilia, Mungu atamrudishia mume wake. Alipokea pole zote hizo kama mtu aliyefika kwenye matanga akapewa pole ya marehemu asiye wake, akaona aibu kukataa.

Jumatatu Bashir alimwita Magige dukani, nyuma ya rafu za misumari, akamwambia aketi. Bashir alikuwa amekuja Migori kutoka Isiolo miaka kumi na miwili iliyopita, akaikuta karakana na mafundi wake. Hakupenda kelele, na alipokuwa na jambo zito alizoea kupanga upya vitu juu ya meza.

Alisema amesikia ya Jumamosi. Mji ni mdogo. Alisema kwamba kila mara kulikuwa na maneno juu ya fundi huyu na yule, na yeye si mtoto, anajua. Lakini maneno ni maneno, yanapita. Mtu kusimama mbele ya watu mia mbili akasema mwenyewe, mimi nalewa, hilo hajui alifanyie nini. Ana mashine ya kukata mbao hapo nyuma. Fundi akikatwa vidole kesho, ataulizwa, ulijua? Na wale wawili wa mwisho wa mwezi watasema, kumbe duka la Bashir ni la walevi, hata kutangaza ni sawa. Shemeji yake naye amepiga simu kutoka Homa Bay, maana aliambiwa na watu wa huko.

"Kazi yako haina makosa," alisema Bashir. "Ile kaunta sijaona nyingine kama hiyo. Ndiyo maana naumia. Lakini nikikuacha, nimesema nini kwa wengine?"

Magige alifikiria kusema. Alikuwa ameyatumia maneno yake yote Jumamosi, na yaliyobaki yalionekana kwake kama ya mtu anayejitetea kwenye gari la polisi. Alisema, "Sinywi, Bwana Bashir," na Bashir akaitikia kwa kichwa, kwa huruma, kama anavyoitikiwa kila mlevi. Japheth alimsaidia kubeba sanduku hadi barabarani. Alimwambia asikate tamaa, amechagua njia ngumu lakini nzuri. Mkono wa Magige ulikuwa ukiugonga mpini wa sanduku, na Japheth akautazama akasema itachukua muda, sumu kutoka mwilini huchukua muda.

Siku ile Magige alilala kitandani akiwa na viatu. Bhoke alimvua, akamfunika. Kesho yake hakwenda sokoni. Alijitanda leso safi, akakifunga kigari pamoja na ule ubao wa vigingi kwenye kitambaa, akaenda dukani kwa Bashir kwa miguu.

Alimkuta anapima rangi. Akangoja wateja wawili waondoke. Kisha akakiweka kigari juu ya kaunta na akaanza kueleza yote, bila kulia, kwa mpangilio: mkono ulipoanza, mganga alichosema, Gisiri, wazee na vikombe vya chai, Rangwe, mwalimu Phelesia, kila alfajiri nyuma ya nyumba. Kiswahili chake kilimchelewesha mahali pengine, lakini hakuacha kitu. Alimwambia amwite Magige sasa hivi, ampe jiwe na hiki kigari, aone mwenyewe. Mtu hajanywa tangu azaliwe.

Bashir alikichukua kigari. Alikibingirisha juu ya kaunta, mbele, nyuma, akasikiliza gurudumu. Alijua ni nini. Alisema hivyo alikuwa akiviuza zamani.

"Mngeniambia," alisema. "Mkono ukitetemeka, mtu anaweza kupaka vanishi. Anaweza kuchagua mbao pale bandarini Homa Bay, macho yake ni mazuri. Hakuna siku moja mlikuja kuniambia."

Labda ilikuwa kweli. Labda lilikuwa neno la mtu ambaye amekwisha kuamua na sasa ni rahisi kuwa mwema. Bhoke hakuwa na njia ya kujua, na alilishika hivyo hivyo.

"Nimekuja kukuambia leo," alisema. "Hii ndiyo kweli, Bwana Bashir. Hana pombe. Ni mgonjwa."

Bashir alikiweka kigari chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetamani kuamini na anayetafuta mahali pa kuukanyagia mguu.

"Mama," alisema, "fundi wangu wengi wanakuja hapa, na bibi zao wanakuja nyuma yao. Wote wanasema hanywi. Juzi Jumamosi, mchungaji alikuuliza wewe mbele ya Mungu wako, ukasema anakunywa. Leo ni Jumanne, kazi imeisha, unasema hanywi. Mimi nishike gani?"

"Ile ya Jumamosi ilikuwa uongo."

"Nitajuaje?"

Bhoke aliweka viganja vyake viwili juu ya kaunta. Alitafuta ndani ya miaka yake yote kitu cha kumwonyesha, na hakukuwa na kitu, hata karatasi ya hospitali, kwa kuwa walipewa vidonge tu. Alikuwa na neno lake tu, lile ambalo halikuwahi kupimwa mara mbili, na hakuwa amewahi kufikiri kwamba siku moja lingehitaji shahidi.

"Sijui," akasema.